Kufunga sola ya nyumbani bila kuua betri

Paneli nzuri huishi miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi ikitunzwa hufika miaka mitatu hadi mitano. Isipotunzwa, haimalizi hata mwaka. Ndiyo maana sola ikizima, mara nyingi juu ya bati kuko salama, ila betri imekufa, na chanzo chake ni manunuzi ya siku ya kwanza. Maelezo haya ni ya nyumba ya Tanzania isiyofikiwa na gridi, yenye taa tano, TV ndogo, redio na simu tatu, kwa volti 12.

Hesabu kabla ya duka

Andika kila kifaa, wati zake na muda kinaowaka. Taa tano za LED za wati 5 kwa saa 5 zinakula wati-saa 125. TV ya volti 12 yenye wati 20 kwa saa 4, 80. Simu tatu, kila moja kama 15, ni 45. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. Jumla 280. Ongeza asilimia 30 kufidia umeme unaopotea kwenye waya na katika kuchaji, unapata kama 365.

Mchana una saa 12, lakini ukikusanya mwanga wote wa siku, sehemu nyingi za Tanzania hupata sawa na saa 4 hadi 6 za jua la utosi. Tumia 4, masika yasije yakakuumbua. 365 gawa kwa 4 ni wati 91. Hapo wengi hununua paneli ya wati 100. Chukua ya 150. Wati zilizoandikwa nyuma zilipimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati inafika 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza karibu asilimia 0.4. Umeshapoteza asilimia 14 kabla ya vumbi.

Betri sasa. 280 gawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa (Ah) 23 kwa siku. Weka akiba ya siku mbili za mawingu, 46, kisha zidisha kwa mbili kwa sababu betri ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu. Hapo unahitaji Ah 100. Betri ya kiasi hicho inapenda kuchajiwa kwa ampea zinazokaribia 10, na paneli ya wati 150 inatoa kama 8. Ukiiunganisha na paneli ya wati 50 haitajaa hata siku moja, na betri inayoshinda nusunusu hufanya salfeti ngumu kwenye bamba zake. Ikishaganda haitoki. Ukiwa na uwezo, betri ya lithiamu (LiFePO4) ya Ah 60 inafanya kazi ileile, maana hiyo unaweza kuitumia hadi asilimia 80, lakini hakikisha kontrola (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia chaji) ina mpangilio wa lithiamu.

Betri ya gari usiiguse. Bamba zake nyembamba zimetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache kisha kujazwa tena. Ukiishusha kila usiku, miezi michache tu imekwisha.

Dukani

Paneli ya kisasa hutoa kati ya wati 150 na 220 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo beba futi. Paneli yenye eneo la nusu mita ya mraba na lebo ya wati 150 ni uongo, hata lebo iwe inang'aa vipi. Omba itolewe nje kwenye jua la saa sita, upime kwa mita: bila mzigo, paneli ya volti 12 itasoma kama volti 21, na waya zake zikigusana kupitia mita iliyowekwa kwenye ampea 10, ya wati 150 itasoma karibu 8.

Mtego mwingine ni zile paneli kubwa za wati 550. Hizo zinafanya kazi kwenye volti 41 hivi na ampea 13. Ukiifunga kwenye kontrola ya kawaida ya PWM na betri ya volti 12, ampea zinabaki 13 lakini volti zinashuka hadi za betri: unapata kama wati 170 tu. Paneli hiyo inataka kontrola ya MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, tena inayohimili volti zake.

Kufunga

Tanzania nzima iko kusini mwa ikweta, basi paneli itazame kaskazini, ukingo wa kusini ndio uinuliwe. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha: kwa kila mita ya urefu, inua sentimita 26 kwa nyuzi 15. Ikilala kabisa, vumbi na maji vinatuama. Acha nafasi ya sentimita 10 kati yake na bati upepo upite. Kivuli cha tawi au antena kwenye seli chache kinaangusha umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfululizo.

Waya usibane matumizi. Kwa umbali wa mita 10, waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 1.1 kwa ampea 8. Wa 6 haufiki nusu volti. Paneli yenye joto inatoa kama volti 16 na betri inataka 14.4 ili ijae, kwa hiyo volti moja iliyopotea njiani ni kubwa.

Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola husoma betri ili kujua kama mfumo ni wa volti 12 au 24; ukianza na paneli, volti 21 zinaingia bila pa kwenda na kontrola inaweza kuungua. Weka fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Betri ikae penye hewa, si chumba cha kulala, maana ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, ndiyo muuaji mkuu wa betri. Kwa ukubwa wake inafungwa moja kwa moja kwenye betri (ya wati 300 inataka waya wa milimita 16 za mraba usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 40), kwa hiyo kontrola haiwezi kuizima betri ikishuka. Yenyewe inakata kwenye volti 10.5 hivi, wakati betri imeshaumia. Tena ikiachwa imewashwa bila kazi inakula kama wati 8. Kwa saa 24 ni 192, zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumba. Ndiyo sababu hesabu yetu ina TV ya volti 12. Kuhusu pasi, wati 1,000 kwa nusu saa ni 500. Tumia ya mkaa.

Matunzo

Futa paneli asubuhi ikiwa ya baridi, kwa maji na kitambaa laini. Betri yenye vifuniko ikague kila mwezi: maji yafunike bamba kwa sentimita moja, uongeze maji ya betri peke yake, si asidi wala ya kisima.

Alfajiri, kabla ya kuwasha chochote, pima volti. 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ukikuta 11.9 siku mbili mfululizo, punguza TV jioni hiyo. Na kama betri inaonyesha imejaa saa tatu tu za asubuhi, halafu taa zinafifia saa mbili usiku, imekwisha. Hakuna asidi ya kuifufua. Ipeleke nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, maana risasi yake ina bei na asidi ikimwagwa uani inaharibu udongo.