Somo: Usiulize Kama Treni Ipo, Uliza Ilipo

Kila masika yanapokaribia napokea ujumbe uleule wa mstari mmoja, "Mkuu, treni ya kesho ipo?", na nikishamjibu mmoja huja wa pili, kisha wa tatu, nao wote wanasafiri siku moja. Nimeamua kuandika mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Mimi si mfanyakazi wa reli. Ninasafirisha asali kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam, na ninayoyaeleza nimejifunza nikiwa nimekalia madumu yangu stesheni.

Hatua ya kwanza: jua unapanda reli ipi. Dar es Salaam ina reli tatu ambazo watu huzichanganya. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA ina 1,067, wakati ile ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa iendayo Dodoma, ina 1,435. Kwa sababu hiyo kichwa cha treni ya reli moja hakiwezi kupita juu ya nyingine, na njia ikikatika hakuna kuchepusha treni. Aidha, SGR na reli ya zamani ziko chini ya TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ilhali TAZARA ni mamlaka ya pamoja ya Tanzania na Zambia yenye matangazo yake yenyewe. Ukisikia "treni zimesimamishwa", swali lako la kwanza liwe: za reli ipi?

Hatua ya pili: jua treni inapita wapi kabla ya kukufikia. Aliyeko Tabora hutazama mbingu ya Tabora, akaona jua linawaka na kuridhika, kumbe tuta la reli limesombwa kati ya Kilosa na Gulwe (wilayani Mpwapwa), ambako reli ya zamani inaandamana na mto Mkondoa. Kipande hicho ndicho kilichoharibiwa vibaya na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, na usafiri ukakatika kwa miezi. Kwa hiyo fuatilia mvua ya Kilosa na Mpwapwa kuliko ya kwenu.

Hatua ya tatu: unapokata tiketi, andikisha namba ya simu unayotembea nayo, si ya aliyekukatia.

Hatua ya nne: soma tangazo mpaka tarehe yake, pamoja na mwaka. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo mnivumilie. Mwezi wa Aprili mmoja, katika kundi letu la wafanyabiashara la WhatsApp, ilitumwa picha ya "Taarifa kwa Umma" yenye nembo, muhuri na sahihi, ikisema kwamba huduma imesimama hadi itakapotangazwa vinginevyo. Nilishusha madumu manane kutoka kwenye bajaji na kurudi nyumbani. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri jirani yangu alinipigia simu akiwa ndani ya behewa, akiniuliza mbona hanioni. Tangazo lile halikuwa la kughushi, lilikuwa la mwaka uliotangulia, na mtu fulani alikuwa ameikata picha kwa juu ili ienee vizuri kwenye simu, akaondoka na mstari wa tarehe. Tangu siku hiyo siamini picha niliyotumiwa. Ninaingia mwenyewe kwenye kurasa za shirika husika na kulitafuta tangazo hilo, na nisipoliona sichukui hatua yoyote. Jihadharini na mambo mawili. Kwanza, linganisheni siku na tarehe: tangazo likisema "Jumatano tarehe 17", na kalenda ya mwezi huu ikionyesha kuwa tarehe 17 ni Ijumaa, hilo ni la zamani. Pili, mkishalipata tangazo la kusimama, tafuteni kama limefuatiwa na la kurejea, maana habari ya kusimama hukimbia na ya kurejea hutambaa.

Hatua ya tano: piga simu stesheni au fika mwenyewe, lakini uulize vizuri. Ukiuliza "treni ipo?" utajibiwa "ipo", na aliyekujibu hajakudanganya, kwani kwenye ratiba ipo. Uliza hivi: imekwisha kuondoka ilikoanzia? Mara ya mwisho imepita stesheni gani? Inasubiri kupishana na treni nyingine? Reli ya zamani ni ya njia moja, na treni hupishana stesheni tu, kwa hiyo stesheni masta hupata habari kutoka kwa kontrola, yaani msimamizi wa mwendo wa treni, kabla ya treni kuruhusiwa kuingia kipande kinachofuata. Jibu analo, ila hatalitoa kwa swali lisilolihitaji. Kama unaanzia Dar es Salaam, uliza pia kama mabehewa yatakayokuchukua yamekwisha kufika kutoka bara, kwa sababu treni iliyochelewa kuja huchelewa kwenda.

Hatua ya sita: soma vizuri saa iliyoandikwa kwenye tiketi. 22:00 ni saa nne usiku, na 00:30 ya Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Usiende stesheni Jumamosi jioni.

MASWALI

Chaupele: Ni ndefu, sijasoma yote. Treni ya Mwanza ya Ijumaa ipo?
Jibu: Hatua ya tano.

Chaupele: Si ungejibu tu, mkuu?
Jibu: Ningekujibu leo, na Ijumaa jibu langu lingekuwa limechacha. Ndiyo sababu ya somo hili.

Mama Neema: Shukrani kwa somo. Mimi natokea Mpanda kwenda Tabora. Nikisikia njia ya Kigoma imekatika, je, nami nimekwama?
Jibu: Swali zuri sana, mama. Njia ya Mpanda inaungana na ya Kigoma pale Kaliua. Uharibifu ukiwa kati ya Kaliua na Kigoma haukuzibii njia, lakini ukiwa upande wa Urambo, yaani kati ya Kaliua na Tabora, umekwama pamoja nao. Usiishie kwenye maneno "njia ya Kigoma"; uliza uharibifu uko kati ya stesheni gani na gani.

Fundi Redio: Unatisha watu. Nimesafiri masika matatu na sijawahi kukwama.
Jibu: Nami nimesafiri mengi bila kukwama, ndugu. Sikusema treni hazifiki, nimeeleza namna ya kujua zilipo. Safari niliyoikosa mimi treni ilifika vizuri kabisa.

Binti Pugu: Je, Mchongoko, ile treni ya SGR, nao una shida hizi?
Jibu: Treni za SGR zinatumia umeme, kwa hiyo pamoja na mvua ufuatilie pia hitilafu za umeme. Unafuu wake ni kwamba safari ni kadhaa kwa siku, hivyo ukiulizia, uliza pia kama tiketi yako itahamishiwa treni inayofuata au utarudishiwa nauli.

Mzee wa Tunduma: Ongezea kwamba saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiambiwa treni ya TAZARA imetoka Nakonde saa nane, uliza ni saa nane ya nani.
Jibu: Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria, na ninaliongeza kwenye hatua ya sita.

Mama Neema: Samahani, nje ya mada kidogo: madumu ya asali hayavuji njiani?
Jibu: Huvuja ukiyajaza hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole vinne, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo kabla ya kufunga kifuniko, na ulisimamishe dumu, usililaze. Na andika jina lako na stesheni ya kushukia kwenye dumu lenyewe, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.