Somo: Filamu fupi ya kuchekesha yenye mgeuko wa mwisho, na lile swali la "je, nimedesa?"

Wadau, kila wiki naulizwa mambo mawili yaleyale: mgeuko wa mwisho (twisti) unatengenezwaje, na kama kisa kimeshaonekana kwingine, nimeiba? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Nazungumzia filamu za dakika tatu hadi kumi.

1. Anza na mwisho. Usiandike sini hata moja kabla hujajua unaishia wapi.

2. Wahusika wawili au watatu, lokesheni moja.

3. Panda mbegu ya mgeuko mbele ya macho ya watu. Mkumbukeni Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani: "Imezaa." Jirani akapokea vyote viwili kwa furaha. Mara ya pili hakurudisha kitu: "Imekufa." Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Kiondoe kile kisufuria, "imekufa" inabaki uongo wa mdaiwa tu. Ndiyo maana siukubali mwisho wa "kumbe alikuwa anaota": hakuna kilichopandwa.

4. Uliza kisa kimetoka wapi. Hapa someni polepole, maana ndipo nilipoharibu. Rafiki yangu alinisimulia barazani kisa cha mjomba wake na kondakta wa daladala. Nikakiandika usiku uleule, tukashuti siku mbili, waigizaji wakilala kwangu. Siku ya kuonyesha, dakika ya kwanza haijaisha, kijana wa mstari wa mbele akautaja mwisho kwa sauti. Alishaiona klipu kwenye simu: nchi nyingine, watu wengine, kisa kilekile. Rafiki hakunidanganya, naye alisimuliwa hivyo. Kosa ni langu, sikuuliza. Na walioumia ni waigizaji, wakaitwa wezi kwa kazi ambayo hata hawakuiandika.

Sasa nafanya hivi: naandika kisa kwa sentensi mbili, nawasomea watu watano wa rika tofauti, nauliza tu, "Umewahi kukisikia?" Wakisema ndiyo, si lazima ukitupe. Maana yake umekiokota, hukukitunga, na inabidi ujue umekiongezea nini.

Angalieni: "kimemtokea mjomba" si ushahidi kwamba ni kipya. Kubadilisha majina na mavazi si kuongeza kitu. Na ukijua umekitoa kwa mtu, mwombe ruhusa kabla ya kushuti, kisha mtaje. Kumtaja peke yake si ruhusa.

5. Ile mbegu ipige picha kwa karibu na kwa mbali. Ionekane kiasi gani, utaamua wakati wa kuhariri.

6. Mgeuko ukishatokea, kata. Usilete mtu wa kueleza.

7. Mwonyeshe mtu ambaye hajasoma skripti, umuulize aliujua mwisho wakati gani.

MASWALI

Kijana wa Ubungo: Mkuu, nidondoshee twisti moja kali, nashuti wikiendi hii.

Jibu: Soma hatua ya 1 na ya 4.

Kijana wa Ubungo: Umekaza sana mkuu. Mbona hata Hollywood wanakopiana?

Jibu: Sijakaza. Kule mtu akitaka kuirudia filamu ya mwenzake hununua haki kwa maandishi. Wewe umeomba mwisho bila hata kusema filamu inahusu nini. Lete sentensi mbili, nitazisoma.

Mama Chuchu: Shikamoo mwalimu. Naweza kusajili wazo langu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, lisiibwe?

Jibu: Marahaba. Wazo tupu halilindwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi uliyoitunga: mazungumzo, mpangilio wa sini, filamu yenyewe. Mume kujificha kabatini ni mali ya kila mtu. Andika skripti nzima, weka tarehe, halafu kasajili, upate ushahidi siku ya ugomvi. Walioko Kenya waende KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko.

Msomaji wa Tanga: Watu wawili wanaweza kuwa na mgeuko mmoja na asiwepo mwizi?

Jibu: Swali zuri sana. Itafuteni The Lunch Date ya Adam Davidson, iliyopata tuzo ya Palme d'Or ya filamu fupi kwenye tamasha la Cannes mwaka 1990. Mama mmoja amekosa treni New York, ananunua saladi, anakwenda kuchukua uma, akirudi anakuta mwanamume anaila. Anakaa naye, wanakula sahani moja. Baadaye anaikuta saladi yake meza ya jirani, haijaguswa. Lakini mwaka 1984 mwandishi Mwingereza Douglas Adams alishaandika kisa cha namna hiyo, cha biskuti, tena akisema kilimtokea mwenyewe kituo cha treni Cambridge. Kimesimuliwa na wengi. Filamu ile ina kitu chake: mama ni Mzungu, yule bwana ni mweusi, na sisi watazamaji tulishamhukumu pamoja na mama. Hicho ndicho kilichoongezwa.

Msomaji wa Tanga: Na je, ni lazima mtazamaji asijue?

Jibu: Si lazima. Mwaka 1895 ndugu Lumière wa Ufaransa walionyesha filamu isiyofika dakika moja: mtunza bustani anamwagilia, kijana anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mzee anachungulia mdomo wa mpira, kijana anaondoa mguu. Sisi tunajua, mzee hajui, na tunacheka. Utani huo ulishachorwa kwenye katuni kabla ya kamera, na mwaka uliofuata Mfaransa mwenzao, Georges Méliès, akaushuti wake. Ubishi huu wa nani kadesa una umri wa sinema yenyewe.

Fundi Sauti: Naongezea: kabla hamjaondoka lokesheni, rekodini nusu dakika ya ukimya wa pale. Bajaji ikipita katikati ya maneno, ukimya huo ndio wa kuzibia wakati wa kuhariri.

Jibu: Asante sana kaka. Na jokofu lizimwe. Tia funguo zako humo ndani ili usisahau kuliwasha.

Kijana wa Ubungo: Haya mkuu. Fundi cherehani anakwenda harusini kumdai bwana harusi hela ya suti. Suti aliyovaa fundi mwenyewe ni ya mteja mwingine, na huyo mteja yupo palepale, kavaa kanzu.

Jibu: Hii sijawahi kuisikia, na nimeipenda. Wasomee watu watano kwanza. Mbegu yako ni suti, kwa hiyo anza dukani: mteja anaambiwa, "Njoo Jumatatu, kimebaki kifungo kimoja tu." Harusini kamera ipite kwenye kifua cha fundi anapodai hela yake kwa ukali, na kifungo kimoja hakipo.