Jinsi ya kupima pampu ya moyo ya muda mrefu ndani ya ndama au kondoo

Kabla ya kumgusa mnyama, pampu hii ya kuusaidia moyo kusukuma damu iteswe kwanza mezani. Iunge kwenye mabomba yenye maji na gliserini, iache izunguke mchana na usiku kwa muda mrefu, alafu pitisha damu ya ng'ombe uone inapasua seli nyekundu kiasi gani. Hitilafu ambayo ingeonekana mezani isije kugundulika ndani ya kifua cha ndama, hiyo ni dhuluma kabisa. Na bila kibali cha kamati ya maadili hakuna kuanza.

Mnyama gani sasa? Mwaka 1957 madaktari Kolff na Akutsu waliweka moyo wa bandia kwa mbwa, akaishi kama dakika 90 hivi, ila kwa majaribio ya miezi siku hizi wengi wanatumia ndama au kondoo. Nguruwe moyo wake unafanana sana na wetu lakini ananenepa haraka mno na mapigo yanavurugika kirahisi ukiushika. Ndama wa kilo 80 mpaka 100 kifua chake kinatosha pampu ya mtu mzima, shida naye anakua, kwa hiyo ukipanga siku 90 piga hesabu ya uzito atakaokuwa nao mwishoni, sio wa siku ya upasuaji. Kondoo aliyekomaa hana tatizo hilo, ila kifua chake ni kidogo.

Upasuaji: mnyime chakula kabla, na akishalala usingizi wa dawa pitisha bomba mpaka tumbo kubwa, maana hawa wanacheua na gesi ikijaa inabana mapafu. Fungua kifua upande wa kushoto katikati ya mbavu, pampu inaingia kwenye ncha ya moyo, bomba la kutolea damu linashonwa kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Toa hewa yote kabla ya kuwasha. Mdomo wa pampu uelekee vali ya mitrali, yaani mlango ambao damu inaingilia chumba cha chini cha kushoto cha moyo, ukielekea ukuta wa moyo itaanza kunyonya nyama badala ya damu. Kumbuka moyo wa mnyama huyu ni mzima na una nguvu, unashindana na pampu, kwa hiyo usipandishe spidi kama vile unamtibu mgonjwa.

Baada ya hapo ndo kazi yenyewe. Lazima kuwe na mtu wa kumwangalia masaa 24, na mnyama mwenzake karibu anayeweza kumuona, maana ni wanyama wa kundi, akitengwa anahangaika, hali chakula vizuri na vipimo vyote vinapotoka. Dawa ya kuzuia damu kuganda inaanza na heparini alafu wafarini, na INR, kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, upime mara kwa mara. Pima hemoglobini (ile rangi nyekundu ya seli) iliyomwagika kwenye plazima, yaani maji ya damu, ikipita 40 mg/dL jua seli zinapasuka. Umeme unaotumiwa na pampu ukipanda wakati mtiririko wa damu haujaongezeka, shuku bonge la damu ndani ya pampu. Sehemu waya wa umeme wa pampu unapotokea kwenye ngozi isafishwe kila siku, usaha unapenda kuanzia hapo. Na andika mapema, kabla hata ya upasuaji, ni dalili zipi zikitokea mnaacha na kumpumzisha mnyama, msije kubishana huku anateseka.

Siku ya mwisho mpe heparini ya kutosha kabla hajalazwa moja kwa moja, la sivyo mabonge yatakayoganda baada ya kifo utayachanganya na yale ya pampu. Alafu kata figo zote mbili vipande vyembamba, hapa msifanye haraka hata kidogo. Kama bomba ulishona kwenye aota inayoshuka, mabonge mengi yanakwenda chini kwenye figo, hayapandi kichwani, kwa hiyo ubongo msafi haukuambii kitu. Ndama anaweza kumaliza siku zote 90 anakula na kusimama vizuri tu, ukifungua figo unakuta zimejaa makovu, na hiyo pampu bado haijafika kwa binadamu.