Kukagua jaketi la kujijaza lenyewe: hatua ninazofuata hapa Tanga

Nimetoka kupangua majaketi ya kuokolea maisha ya boti moja inayopeleka wageni visiwa vya Toten na Ulenge. Nahodha kaniomba nimwandikie hatua ili mwakani afanye mwenyewe, nikaona bora niziweke hapa na wengine wazipate. Ninazungumzia yale membamba ya kuvaa shingoni yanayojaa yakiingia majini, siyo ya sponji. Mvuvi wa ngalawa anayelowa kutwa namshauri anunue la sponji tu: halina cha kufyatuka wala halidai kipuri. La kujijaza linamfaa mtu wa boti kavu aliye tayari kulitunza.

Linavyofanya kazi

Ndani ya kitambaa cha nje kuna mfuko wa hewa uliokunjwa. Kwenye mfuko huo kuna kichwa chenye springi na sindano, na kwenye kichwa umefungwa mtungi mdogo wa chuma wenye kabonidioksidi. Springi inataka kuruka muda wote; kinachoizuia ni kidonge kimoja kinacholainika kikilowa. Kidonge kikilainika, springi inaruka na sindano inatoboa mtungi. Jaketi la nyutoni 150 (kipimo cha nguvu yake ya kukuelesha) kwa kawaida lina gesi ya gramu 33, ambayo ikifunguka inakuwa lita 18 hivi, inatosha kumwelesha mtu mzima na kumgeuza uso juu. Kidonge kikigoma kuna kamba ya kuvuta kwa mkono, na kamba ikishindwa kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo.

Ipo aina nyingine ambayo haifyatuki kwa kulowa, inasubiri mgandamizo wa maji ya kina cha sentimita 10 hivi. Ni ghali, na kichwa chake hubadilishwa kizima kila miaka 5. Hata hivyo kwa unyevu wa pwani yetu, hasa masika, hiyo ndiyo ningenunua. Ya kidonge imeshawafyatukia watu wengi ikiwa imetundikwa tu stoo.

Hatua ya 1: Fungua

Piga picha kwa simu namna lilivyokunjwa. Zungusha mtungi kwa mkono mpaka utoke kwenye kichwa, kisha toa kidonge, na hapo ndipo maji baridi yaruhusiwe kuligusa. Osha chumvi, anika kivulini.

Hatua ya 2: Jaza hewa, subiri saa 24

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jaza kwa pampu ndogo ya mkono kupitia ule mrija. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na mfuko utaota ukungu kwa ndani. Mdomo ni kwa siku ya shida. Upepo wa gereji usithubutu kabisa, utaachanisha viungio. Jaza mpaka liwe gumu, uache.

Sasa, nahodha wangu alijaza mchana uani, jua linawaka. Alfajiri akalikuta limelegea, akanipigia kwamba majaketi yote yanavuja. Majaketi yote yavuje usiku mmoja? Hewa ikipoa inasinyaa, basi. Lijaze jioni, ndani ya nyumba, na ulikague jioni ya pili saa ileile. Na usitegemee kubonyeza kwa kidole, kidole kinasahau. Mimi hutumia utepe wa fundi cherehani: nauzungusha mahali pamoja palipowekwa alama ya chaki, naandika sentimita, kesho napima palepale.

Kipimo kikipungua kweli, anza na mrija kabla ya kulaumu mfuko. Kwanza angalia kifuniko chake. Kikirudishwa kichwa chini, kile kijiti chake cha kutolea hewa kinaikalia valvu, na jaketi zima litavuja bila ubovu wowote. Kama kimekaa sawa, paka povu zito la sabuni ya kipande kwenye mdomo wa mrija. Mapovu yakichemka hapo, mara nyingi ni chembe ya mchanga au chumvi iliyokwama. Pitisha maji baridi huku unabonyeza valvu, halafu jaza upya. Kisha paka povu pale kichwa kinapoingia kwenye mfuko, maana oringi (pete ya mpira) ya hapo hukauka. Mwisho pitia viungio na mistari ya mikunjo, taratibu, kwenye mwanga mzuri.

Tundu likiwa kwenye mfuko wenyewe, jaketi hilo limestaafu. Kiraka cha tairi na gundi ya viatu nimeviona, na sitaki kuviona tena.

Kutoa hewa, geuza kile kifuniko ubonyeze valvu nacho. Ncha ya kalamu inaiharibu.

Hatua ya 3: Pima mtungi

Unahitaji mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ya mawe ya dukani haifai. Linganisha na uzito wa jumla uliogongwa kwenye chuma, siyo ile 33, ambayo ni gesi peke yake. Ukipungua zaidi ya gramu 2, nunua mwingine. Tazama na mdomo wake: uwe laini, bila tundu. Kutu ikiwa inakwaruza kidole, badilisha hata kama uzito umetimia, kwa sababu mfuko umekunjwa juu ya kutu hiyo.

Hatua ya 4: Rudisha

Soma tarehe ya kidonge. Vingi vina miaka 3 tangu kutengenezwa, siyo tangu uliponunua, kwa hiyo dukani isome kabla ya kulipa, na hakikisha ni cha kichwa chako hasa.

Kidonge kwanza, mtungi baadaye. Ukianza na mtungi halafu kidonge kikakaa vibaya, springi itaruka mikononi mwako na gesi imekwenda. Kaza mtungi kwa mkono mpaka ugome. Plaisi iache kwenye boksi la vifaa. Grisi usipake. Vichwa vingi vina alama ya kijani. Kama haionekani, rudia.

Hatua ya 5: Kunja na tundika

Fuata picha zako. Kamba ya kuvuta ibaki nje. Litundike penye hewa, lisilale kwenye sanduku la chini ya kiti pamoja na nanga na kamba mbichi.

Mtikisiko wa injini hulegeza mtungi, kwa hiyo kabla ya kila safari upapase juu ya kitambaa na uukaze. Abiria afunge mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo jaketi litapanda masikioni. Na asivae shati au koti juu yake: likijaa ndani ya nguo linambana kifua.