Jinsi ya kutunza kitabu cha nasaba cha wanyama walio katika bustani nyingi

Bustani ya wanyama yenye twiga watano haina kundi la kuzalisha, ina familia. Vizazi viwili vikipita, watakaobaki kupandana ni kaka na dada. Ndiyo maana bustani huandikisha wanyama wao katika daftari moja, yaani kitabu cha nasaba, na mtu mmoja hukabidhiwa dhamana ya kukitunza. Kwa wanyama wa porini, mfano wa mwanzo ni baisani wa Ulaya, mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe: chama cha kumwokoa kiliundwa 1923, na kitabu chake kikachapishwa 1932. Baisani wa Ulaya walio hai leo wametokana na waasisi 12 tu, yaani wanyama wa kwanza walioanzisha uzao huo, na tunalijua hilo kwa kuwa kuna walioandika.

Hatua ya 1: Kila mnyama na nambari yake

Nambari ya kitabu hutolewa mara moja. Haibadiliki mnyama akihama, wala hapewi mwingine akifa, hata kama aliishi siku moja. Jina la utani, nambari ya chipu, hereni ya sikio au pete ya mguu viwe na safu zake, ila visitumike kama utambulisho mkuu. Hereni hung'oka, na simba wanaoitwa Simba ni wengi mno.

Hatua ya 2: Jaza mstari wake

Andika jinsia, tarehe na mahali alipozaliwa, nambari ya baba, nambari ya mama, kama alilelewa na mama au na watu, kila alipohamia, kisha tarehe na sababu ya kifo. Tarehe ya kukisia iwekewe alama ya makisio. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu 03/04 kwa Mmarekani ni Machi na kwa wengine wengi ni Aprili.

Waliokufa hawafutwi. Undugu wa walio hai unapitia kwao.

Hatua ya 3: Mtafute baba kwa ushahidi

Hapa ndipo vitabu vingi huharibika. Mama alionekana akizaa; baba mara nyingi ni dhana ya mtunzaji. Anza na kalenda. Twiga hubeba mimba miezi 15 hivi, kwa hiyo jike aliyehamia kwenu miezi minane iliyopita akizaa leo, baba yuko bustani alikotoka, hata kama dume wenu hakubanduka ubavuni mwake. Rudi nyuma kwa muda wa mimba, ongeza siku kadhaa huku na huku, kisha orodhesha kila dume aliyekuwa naye katika kipindi hicho.

Wakibaki wawili, waandike wote wawili. Usimchague mbabe wa kundi kwa sababu tu ndiye mbabe; programu za leo zinakubali zaidi ya baba mmoja, kila mmoja na kiasi cha uwezekano wake. Hifadhi pia damu, au nywele zenye mizizi, ili kipimo cha DNA kimalize ubishi baadaye. Kwa maoni yangu, "hajulikani" ni jibu la heshima. Baba wa kubuni hurithiwa na wajukuu wote, na hakuna atakayemshuku.

Hatua ya 4: Sakanya makosa

Tafuta mama aliyezaa baada ya kufa, baba ambaye hakuwa amepevuka, na mnyama aliye katika bustani mbili siku moja. Aliyeondoka kwao lazima aonekane amepokelewa kwingine. Wengi leo hutumia ZIMS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanyama, wa Species360, shirika lililoanza miaka ya 1970 kwa jina la ISIS, lakini mfumo hauwezi kujua kisichoingizwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu za undugu

Mtoto wa kaka na dada wa baba na mama mmoja ana kiwango cha uzao wa ndugu (uwezekano wa kurithi nakala ileile ya jeni kwa baba na kwa mama) cha 0.25, wakichangia mzazi mmoja tu, 0.125. Hiyo ni kama wazazi wao wenyewe hawakuwa ndugu. Kwa kila aliye hai, tafuta pia wastani wa undugu wake na kundi zima. Mwenye wastani mdogo ana ndugu wachache, basi huyo ndiye atangulizwe kupandishwa, hata kama ni mkorofi na mwenzake mpole ana watoto kumi tayari.

Hatua ya 6: Wasiotambulika mmoja mmoja

Chura wa Kihansi wa Tanzania ni mfano mzuri. Karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na kuanzia 2012 uzao wao ukarudishwa Kihansi. Viumbe wa namna hiyo huandikwa kwa kundi: lilitoka kundi gani, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa. Idadi huandikwa mfano 2.3.1, yaani madume 2, majike 3 na 1 ambaye jinsia yake haijajulikana. Chura akihamishiwa tangi jingine, iandikwe siku hiyohiyo, likitajwa tangi alikotoka na alikokwenda. Bila hivyo, matangi hayo mawili yatabidi yahesabiwe kuwa kundi moja.