Kubadilika kwa Hali na Hesabu ya Joto katika Oxygen Not Included

Katika Oxygen Not Included, mchezo wa kujenga koloni ndani ya asteroidi ambao kampuni ya Klei Entertainment ya Kanada iliutoa rasmi mwaka 2019, karibu kila mchezaji hufikia siku ambayo mimea yake inaacha kukua kwa sababu ya joto. Wengi huchimba barafu na kuirundika shambani, wakitarajia kwamba kuyeyuka kwake kutafyonza joto jingi. Barafu huyeyuka, shamba hupoa kidogo, kisha joto hurudi upesi kuliko walivyotazamia. Matarajio hayo yametoka katika fizikia ya kweli, nayo ndiyo yanayopaswa kuachwa kwanza.

Katika ulimwengu wetu, gramu moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza takriban jouli 334 bila halijoto yake kupanda hata kidogo, na gramu moja ya maji inapochemka hufyonza takriban jouli 2,257. Hilo huitwa joto fichi, na ndani ya mchezo huu halipo kabisa. Maada ikifikia kiwango chake cha kubadilika, hugeuka mara moja, mraba mzima kwa pamoja, ikiwa na halijoto ileile au karibu sawa nayo. Kinachobadilika ni joto lake mahususi, yaani kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja. Barafu ina 2.05, maji yana 4.179, na mvuke pia una 4.179. Takwimu hizi zimo katika maelezo ya kila maada ndani ya mchezo, na inafaa uzitazame kabla hujaweka hata tofali moja la mtambo wako.

Chukua tani moja ya barafu yenye nyuzi −20 za Selsiasi, unayotaka iishie kuwa maji ya nyuzi 20. Barafu hiyo itayeyuka ifikapo nyuzi 2.35, na hadi hapo itakuwa imefyonza takriban DTU milioni 46, DTU ikiwa ndiyo kizio cha joto cha mchezo, kinachoweza kulinganishwa na jouli. Kutoka hapo hadi nyuzi 20, ikiwa sasa ni maji, itafyonza takriban milioni 74 nyingine. Jumla ni kama milioni 120, ilhali barafu ya kweli ingefyonza karibu jouli milioni 460 katika safari hiyohiyo. Utaona pia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kupoza hufanywa na maji baridi baada ya kuyeyuka. Kwa hiyo ukitumia barafu, usiyaondoe maji yake mapema. Yapitishe kwenye mabomba shambani mpaka yapate joto.

Kiwango kinachoandikwa na mchezo cha kuganda kwa maji ni nyuzi −0.65, lakini barafu haiyeyuki mpaka ivuke kiwango hicho kwa nyuzi 3, na maji hayagandi mpaka yashuke nyuzi 3 chini yake, yaani −3.65. Kanuni hiyo inahusu maada zote. Maji yenye kiwango cha kuchemka cha 99.35 huwa mvuke yafikapo 102.35, na mvuke huwa maji ushukapo hadi 96.35.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naona linaelezwa vibaya mara nyingi. Husemwa kwamba kuyeyusha barafu huzalisha joto kwa kuwa joto mahususi huongezeka maradufu. Kauli hiyo haina manufaa kwa mjenzi, kwa sababu maji hayohayo ukiyarudisha kuwa barafu utalipa njiani kile ulichopata, na tofauti itakayobaki ni ndogo mno. Faida au hasara ya kweli hutokea pale tu ambapo maada hugeuka kuwa kitu kisichorudi kuwa kile cha awali. Kwa hiyo, kabla ya kujenga, jiulize maswali mawili: joto mahususi linatoka ngapi kwenda ngapi, na je, kuna njia ya kurudi?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni regolithi, ile changarawe inayoletwa na vimondo. Joto lake mahususi ni 0.2 tu, lakini ikiyeyuka huwa magma yenye 1.0, na magma ikiganda huwa mwamba wa volkeno wenye 1.0 vilevile, hairudi tena kuwa regolithi. Kuipandisha gramu moja kutoka nyuzi 300 hadi takriban 1,413, ambapo huyeyuka, kunagharimu DTU 223 hivi. Ukiipoza gramu hiyohiyo hadi nyuzi 300 utavuna zaidi ya DTU 1,100. Joto hilo limeumbwa na mchezo wenyewe, nalo linatosha kuyeyusha regolithi inayofuata na kubakiza ziada ya kuchemshia mvuke.

Mafuta ghafi hufuata njia hiyo kwa kiwango kidogo. Yafikapo nyuzi 402.85 hugeuka yote kuwa petroliamu, ilhali mtambo wa kusafishia hukupa nusu tu ya uzito. Joto mahususi hupanda kutoka 1.69 hadi 1.76. Basi pitisha petroliamu inayotoka sambamba na mafuta yanayoingia, kila moja ikielekea upande wake, ili ile iyapashe haya. Ukijenga vizuri, joto la nje litahitajika kidogo tu, kuyavusha mafuta zile nyuzi za mwisho.

Kwa maji na mvuke hakuna faida wala hasara, na hilo linarahisisha chumba cha turbini. Turbini ya mvuke huvuta mvuke wa kuanzia nyuzi 125 na kutoa maji ya nyuzi 95. Ikipata kilo 2 kwa sekunde za mvuke wa nyuzi 200, huzalisha wati 850 na kuondoa takriban DTU 877,000 kila sekunde. Asilimia 10 ya joto hilo huingia kwenye mwili wa turbini, ambayo husimama ikipita nyuzi 100, kwa hiyo nayo lazima ipozwe. Maji yanayotoka yarudishe chumbani bila wasiwasi, maana kila gramu inahitaji DTU 31 tu ili iwe mvuke tena.

Hatari kubwa imo ndani ya mabomba, kwa kuwa kimiminika kikigeuka humo bomba hupasuka. Thermo Aquatuner, mashine ya kupoza vimiminika, hupunguza nyuzi 14 kila kimiminika kinapopita. Ukitumia maji safi, weka kihisi joto kabla ya mashine ili kisiruhusu maji yaliyo chini ya nyuzi 14 kuingia. Maji machafu huganda kwa −20.65 na kuchemka kwa 119.35, hivyo unaweza kushuka hadi −5 kwenye kihisi na bado ukawa salama. Kwa mzunguko wa kawaida wa kupoza makazi, nayapendelea. Ukilazimika kupitisha kimiminika mahali panapovuka kiwango chake, tumia vali kupunguza kila fungu la kimiminika linalosafiri bombani liwe kilo 1 au chini yake, kwa maana bomba hubeba hadi kilo 10, na fungu dogo kiasi hicho halibadiliki hali likiwa ndani ya bomba.