Protini imepanda kwenye maji ya uti wa mgongo: imevuja, au imekosa pa kutokea?

Nawaandikia wenzangu mnaoanza kazi wodini na maabara huku Mwanza. Mgonjwa anayeshukiwa homa ya uti wa mgongo majibu yake yakija na protini juu, wengi huandika tu kwamba imevuja kutoka kwenye damu. Hiyo ni nusu ya habari.

Hatua ya 1. Ukichukua maji mgongoni, chukua na damu saa hiyohiyo. Albumini, protini kuu ya damu, hutengenezwa na ini, si ubongo, hivyo yote utakayoikuta kwenye maji asili yake ni damu.

Hatua ya 2. Gawanya albumini ya maji (miligramu kwa lita) kwa ya seramu, yaani ile ya damu (gramu kwa lita). Maji 240, seramu 40: jibu 6, ambalo kwa mtu mzima aliye chini ya miaka 40 ni la kawaida. Mwingine ana 240 ileile, ila seramu yake ni 20: jibu 12, limezidi. Inflamesheni kali huteremsha albumini ya damu, kwani interleukini-6, kemikali ya inflamesheni, hulifanya ini lipunguze kuitengeneza. Bila kipimo cha damu ungewaona hawa wawili sawa.

Hatua ya 3, na hapa msiharakishe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na hutengeneza karibu 500 kwa siku, lazima yatoke. Hutoka kuingia kwenye vena kubwa za kichwa, mengine hufuata neva hadi kwenye limfu. TNF na interleukini-1, nazo kemikali za inflamesheni, hulegeza maungio ya seli za mishipa ya damu, protini ikaingia. Wakati huohuo ute mzito wa inflamesheni, hasa wa kifua kikuu, huziba njia za kutokea. Ni kama Mto Mirongo wa hapa Mwanza: ukizibwa na taka karibu na ziwa, maji hupanda huku juu hata mvua isipoongezeka. Jibu la mgawanyo halitenganishi mambo haya mawili. Kwa hiyo pima presha ya maji sindano inapoingia, na uangalie chupa: maji ya njano yanayoganda yenyewe yanaashiria mtiririko umezibwa.

Kukosa pa kutokea kuna namna nyingine pia: amiloidi beta, protini ndogo ya ubongoni, ina mlango wake, LRP1, unaoipeleka kwenye damu. Panya waliodungwa sumu ya bakteria, mlango huo ulidhoofika.

Hatua ya 4. Kama sindano ilitoa damu, iandike kwenye fomu. Damu hiyo hupandisha protini.